Swali la Mteja Ndilo Tangazo: Mwongozo Kamili wa Kuuza Kofia ya Lamu Mtandaoni

"Hii ni ya mkono au ya mashine?"

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu saa nne za usiku, kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyeiona picha ya kofia ya vito (ile yenye matundu madogo ya kushonwa) niliyoposti mchana. Nikamjibu, nikalala. Kesho yake mtu wa Mombasa akauliza lile lile. Jioni akaja wa tatu, huyu yuko Maskati, Oman, naye kabla hata ya kuuliza bei anataka kujua: ya mkono, au ya mashine?

Nauza kofia zinazoshonwa na ami yangu pamoja na kina mama wawili majirani zetu hapa Langoni, Lamu. Kwa muda mrefu matangazo yangu yalikuwa hivi: "Kofia bora kutoka Lamu, urithi wa mababu zetu. Karibuni nyote. Bei inboksi." Laiki zilikuja kwa wingi, komenti za "mashallah" zikajaa, na kofia zikabaki kabatini. Sasa najua sababu. Neno "bora" kila muuzaji analo, hata yule anayeuza kofia za kiwandani. Lile swali la usiku ndilo lililobeba tangazo zima: mtu anaogopa kuuziwa mashine kwa bei ya mkono. Hofu hiyo ikimtoka mbele ya macho yake mwenyewe, nusu ya biashara imekwisha.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Mimi nitazungumza kofia kwa sababu ndizo ninazozijua, lakini anayeuza makubadhi ya Siyu, milango ya kuchonga au safari za mashua kwenda Manda anaweza kupita njia hii hii.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya simu

Usifungue ukurasa mpya, wala usimlipe mtu akuchoree nembo. Nunua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika kila swali unaloulizwa: dukani, WhatsApp, kwenye komenti, hata jetini, boti zinapofunga. Liandike kwa maneno ya aliyeuliza. Akisema "haitanibana kichwa?" usiandike "saizi". Andika "haitanibana kichwa?", kwa maana maneno hayo hayo ndiyo utakayoyarudisha kwenye tangazo, na mwingine mwenye wasiwasi ule ule atajisikia anaitwa kwa jina. Pembeni andika ametoka wapi, na mwisho wake: alinunua, au alinyamaza.

Maswali yangu yalijikusanya mafungu matano. Ni ya mkono au ya mashine? Itanitosha? Bei gani? Itanifikiaje? Nikiifua itaharibika?

Hakuna hata mmoja aliyeuliza historia ya Lamu. Mwanzoni lilinisikitisha, maana historia hiyo naipenda, na kila posti yangu ilianza kwa kusema kuwa Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni kweli, na ni jambo la fahari. Lakini mtu ambaye bado anaogopa kudanganywa hana nafasi ya fahari moyoni. Historia nimeihamishia kwenye kikaratasi kinachosafiri ndani ya kofia. Mteja anaisoma akiwa tayari ameivaa, na hapo ndipo humwingia.

Ukitaka kuongeza maswali bila gharama, andika "kofia ya" kwenye Google na usibofye. Utaona jinsi inavyokumalizia sentensi kwa yale ambayo watu wengine wametafuta. Fanya vivyo hivyo YouTube na TikTok, maana vijana wengi siku hizi hutafutia huko huko.

Hatua ya pili: jibu kwa kitu kinachoonekana

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Siku niliyokwenda na simu kwa ami, alikuwa ameketi mkekani na kitambaa cha bafta nyeupe mkononi.

"Ami, nikurekodi ukishona?"

"Ya nini, mwanangu? Kizuri chajiuza."

"Kilijiuza mnunuzi alipokuwa akipita barazani, ami. Huyu yuko Maskati, haoni mlango wetu."

Akanyamaza kidogo, akauvuta mkeka hadi mlangoni penye mwanga. "Haya. Lakini uso wangu usiutie."

Sikuutia. Video ile ina sekunde 25. Inaanza na kofia iliyogeuzwa ndani nje, kwa kuwa ukweli wa kofia uko ndani. Ya mashine utaona nyuzi za chini zimepita mstari mmoja, zote sawasawa, kama zimepigwa rula. Ya mkono kila tundu limezungushiwa uzi peke yake, na mkono wa binadamu unaonekana: hapa pamekazwa zaidi, hapa pamelegea unywele. Kisha kamera inasogea kwenye vidole vya ami na tundu moja tu. Kitambaa kinatobolewa, uzi unazunguka ukingo, unakazwa, unazunguka tena. Sikuweka muziki. Unasikika uzi ukipita kwenye bafta, na punda analia kichochoroni. Juu ya skrini niliandika: "Ya mkono au ya mashine? Tazama upande wa ndani."

Video hiyo imeniuzia kofia nyingi kuliko picha zangu zote za nyuma, na hakuna mahali palipoandikwa "bora".

Ukirekodi yako, shika mambo haya. Simu isimame wima. Tumia mwanga wa mlangoni asubuhi, jua halijapanda. Jua la utosini huifanya kofia nyeupe iwe kama sahani, vito vyote vikapotea. Hata kwenye mwanga mzuri, gusa skrini palipo na kofia, kisha telezesha kidole kushusha mwanga mpaka matundu yatokeze. Futa lenzi kwa pamba. Simu za Lamu zina chumvi ya bahari wakati wote. Swali lionekane ndani ya sekunde tatu za mwanzo, kwa maandishi, maana watu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Kila swali kubwa lipate video yake. Kwa "haitanibana?" nilionyesha kamba inazungushwa kichwani, juu ya masikio na katikati ya paji la uso, kisha inalazwa kwenye rula na kusomwa inchi. Si kila nyumba ina futi ya fundi cherehani. Kamba kila nyumba ipo. Kwa "nikiifua?" nilimrekodi mama mmoja jirani, mikono tu, akiifua kofia kwa sabuni, akiitia wanga na kuitandika juu ya faroma, kalibu ya kofia, ikauke na umbo lake. Watu wengi wa bara walikuwa hawajawahi kuiona faroma. Wawili waliiagiza pamoja na kofia, nami sikuwa nayo ya kuuza. Sasa ninazo.

Ipo pia simulizi ndefu, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kofia ya vito yenye kazi nyingi huchukua wiki kadhaa, nyingine miezi. Badala ya kuuficha muda huo, uonyeshe. Chagua kofia moja. Kila Alhamisi weka stetasi ya picha moja ya kofia ile ile, pembe ile ile: leo bafta tupu iliyochorwa kwa penseli, wiki ijayo safu ya kwanza, baadaye ukanda wa pembeni umekamilika na duara la juu bado. Bila kuombwa, watu huanza kuuliza, "Ile imefika wapi?" Na anayeuliza hivyo mara mbili, mara nyingi ndiye atakayeinunua. Pia haji kubishana bei, kwa sababu ameuona muda ukipita.

Kuhusu programu za akili unde (AI): zitumie kukupangia maswali ya daftari kwa mafungu, au kukuandikia rasimu ya Kiarabu au Kiingereza ambayo mtu anayeijua lugha hiyo ataipitia kabla haijatoka. Usizitumie kutengeneza picha ya kofia. Mteja ananunua kofia ile ile aliyoiona, na programu humtengenezea kofia isiyokuwapo duniani, yenye vito ambavyo hakuna fundi atakayevishona. Hata maandishi yake yana tabia ya kurudisha "ubora usio na kifani" tuliyoikimbia. Ukimpa mteja neno hilo tena, umerudi kule kule kabatini.

Hatua ya tatu: duka ndani ya WhatsApp

Tovuti yenye kikoa cha .co.ke ni kitu kizuri, lakini si cha kuanza nacho. Anza na WhatsApp Business, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018. Weka saa za kazi, weka katalogi ya kofia zilizopo kweli, kila moja na saizi yake. Kisha fungua majibu ya haraka na uandike majibu ya yale mafungu matano, ili ukibonyeza alama ya mkwaju (/) jibu lijitokeze na wewe uongeze salamu na jina la mtu. Usiache jibu la mashine liende peke yake. Mtu wa pwani akisalimu kwa kituo, ajibiwe kwa kituo.

Weka bei. Najua hoja ya wengi: jirani ataiona na kushusha yake. Jirani anaijua tayari, mji wetu ni mdogo. Unayemficha ni mteja tu, na mteja mwenye haya hataingia inboksi kuuliza bei asije akaonekana hana uwezo. Nilipoandika bei waziwazi, maulizo yalipungua na mauzo yakaongezeka.

Sasa kitu kidogo chenye faida kubwa. WhatsApp ina kiungo cha aina hii: wa.me/254 kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo. Mbele yake unaweza kuongeza ?text= na maneno ambayo yatajiandika yenyewe mteja akibofya; nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Mimi nina viungo vinne. Cha Facebook humwandikia mteja "Nimeona video ya upande wa ndani". Cha TikTok, "Nimeona video ya kamba". Cha msimbo wa QR uliobandikwa mlangoni, "Nimepita dukani". Cha kikaratasi kilicho ndani ya kofia, "Nina kofia yenu". Bila kulipia programu yoyote ya takwimu, ujumbe wa kwanza wa kila mtu unaniambia umepitia mlango upi. Natia alama kwenye daftari, na mwisho wa mwezi nahesabu.

Hatua ya nne: mwonyeshe njia

Hatua hii ni fupi, lakini kwa Lamu ina uzito wake. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google bila malipo, uthibitishe, uweke picha na saa za Ramadhani. Vichochoro vyetu havina namba za nyumba, na kati ya kuta ndefu za mawe simu huyumba, ikakuonyesha uko nyuma ya ukuta wa mtu. Kwa hiyo toa ile Plus Code, msimbo wa mahali, ambayo Ramani za Google hukupa ukibonyeza mahali ulipo, kisha ongeza picha sita za njia: jeti, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, Usita wa Mui (njia kuu ya mji), kichochoro cha kuingilia, kona, mlango wako. Mgeni anayeshuka boti akazifuata picha hizo hafiki kwako amechoka na hasira.

Hatua ya tano: sasa ndipo ulipie

Usilipie tangazo ambalo bure halijafanya kitu. Weka video zako tatu bila malipo kwa wiki mbili. Ile inayoleta ujumbe, si laiki, ujumbe, ndiyo ya kulipia.

Kwenye Facebook na Instagram kuna kitufe cha kukuza posti, rahisi mno kubonyeza. Kipite. Nenda kwenye meneja wa matangazo na uchague lengo la kupata ujumbe, mteja akibofya afungukiwe na WhatsApp yako. Ukichagua watazamaji tu, utapewa watazamaji tu. Nimewahi kumlipa jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu akanifanyia hivyo. Nilionyeshwa namba kubwa, na simu haikulia. Kulipia, usiyekuwa na kadi ya benki unaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, ya Visa, ambayo hukaa ndani ya simu tangu mwaka 2022.

Nani aonyeshwe? Zamani tulikuwa tukichagua mambo anayopenda mtu, umri, hata ndoa. Tangu Aprili 2021, Apple ilipoanza kuzilazimisha programu ziombe ruhusa ya mtumiaji kabla ya kumfuatilia nje ya programu hizo, ufuatiliaji huo umepungua nguvu, na Meta yenyewe, kampuni ya Facebook na Instagram, siku hizi hupendelea umwachie uwanja mpana. Maana yake kwetu ni njema: video yenyewe ndiyo inayochagua mteja. Asiyejali ya mkono wala ya mashine atapita; anayejali atasimama, na mfumo utajifunza kutafuta wanaofanana naye. Mimi huchagua mahali tu, Nairobi na Mombasa, na tangazo la pili Oman. La Oman naliandika kwa Kiswahili kitupu. Kule wako watu wengi wanaokizungumza, wenye ukoo wa Unguja na mwambao huu, na lugha inawachuja wenyewe bila mimi kubofya chochote.

Hesabu ifanye kabla, na kwa uaminifu. Tuseme kofia moja hukuachia shilingi 1,500 baada ya kumlipa fundi na nauli. Unatangaza kwa shilingi 300 kwa siku, siku saba: 2,100. Ongeza VAT ya asilimia 16, inakuwa 2,436. Tuseme wamekuja watu 30 kwenye WhatsApp, kila mazungumzo yamekugharimu shilingi 81. Watatu wamenunua, kila mnunuzi amekugharimu 812, umebakiwa na 688 kwa kofia. Sawa, endelea. Angenunua mmoja tu, umepoteza. Hapo usikimbilie kubadilisha tangazo. Rudi kwanza kwenye yale mazungumzo 29 na utazame yalikatikia wapi. Yangu yalikuwa yakikatikia kwenye "itanifikiaje?", kwa kuwa nilijibu "tutatuma tu". Sasa jibu langu lina njia nzima: parseli inavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, inaingia kwenye basi la Mombasa, nakutumia picha ya risiti. Mtu akiiona safari kichwani mwake, anatuma pesa.

Na tangazo likishaanza, uliache. Kila unapobadilisha kitu kikubwa, mfumo huanza kujifunza upya. Meta husema unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili utulie. Mtaji mdogo hauyafikii kila mara, ndiyo maana heri tangazo moja lenye shilingi 300 kuliko matatu yenye 100.

Hatua ya sita: fuata mwezi

Zana zote hizi hutaka ulinganishe wiki hii na wiki kama hii mwaka jana. Kwa kofia, ulinganisho huo hukupoteza. Soko letu linafuata mwezi mwandamo, nao kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa kwanza nilitangaza tarehe zile zile zilizonilipa mwaka uliotangulia, nikashangaa simu imekufa. Idi ilikuwa imeshapita.

Sasa daftari langu lina safu ya Mfungo, yaani miezi inavyohesabiwa baada ya Ramadhani. Kwa Idi ya Fitri naanza kutangaza Shaabani, mwezi ulio kabla ya Ramadhani, na oda za mbali nazifunga Ramadhani 20 ili parseli isifike sikukuu imeisha. Kwa Idi ya Hajj, ambayo ni kumi ya Mfungo Tatu, naanza mwishoni mwa Mfungo Pili. Na kwa Maulidi naanza Mfungo Tano, kwa kuwa Mfungo Sita ukiingia wageni wanaofuata maulidi ya Msikiti wa Riyadha wako njiani au wameshafika, nao hawanunui kwenye simu, hununua mlangoni. Mwezi huo pesa yangu ya matangazo nailekeza kwa watu walio Lamu kwenyewe, pamoja na zile picha sita za njia.

Anayeuza safari za mashua afuate pepo badala ya mwezi. Kusi ikichafua bahari na mahoteli ya Shela yakaanza kufunga, Mei na Juni, huo si wakati wa kulipia tangazo la "njoo leo". Ni wakati wa kurekodi jahazi likikwatuliwa na kukalafatiwa (kuzibwa nyufa) pwani, uwe na akiba ya video za kuweka kaskazi itakaporudi.

Ruhusa

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara, na uso wake na namba yake ya simu zimo ndani yake. Mtoto, umwombe mzazi. Lakini hata kabla ya sheria, kichochoro cha Lamu si uwanja wa kila mwenye kamera: mama aliyejifunika hakujifunika ili uso wake uende TikTok. Mikono inatosha. Kwa kofia, mikono inatosha kabisa.

Hatua ya mwisho: wale walionunua

Mteja wa mtandao si wako, ni wa kampuni yenye mtandao, mpaka akuhifadhi kwenye simu yake. Kofia ikimfikia, mwombe aihifadhi namba yako na umuulize kama angependa umjulishe kofia mpya zikitoka. Akikubali, mtie kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha moja hubeba watu hadi 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyekuhifadhi, kwa hiyo lile ombi la kuhifadhi si adabu pekee.

Usiwaandikie kila wiki. Mimi huwaandikia mara nne kwa mwaka, mwezi ukikaribia. Ujumbe wa mwisho niliotuma ulikuwa huu, na picha ya upande wa ndani chini yake: "Assalaam alaykum. Shaabani imeingia. Ami amemaliza tatu: inchi 22 moja, inchi 23 mbili. Yako ya mwaka jana bado imesimama, au imeshalegea tuitie wanga?"